Mashine Ilisemaje Kuhusu Kantembo

Gaudensia alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua maharage. Akasema, "Dada Zuhura, mama ametutoka." Nikamjibu yale maneno ambayo kila mtu huyajibu, nikakata simu, nikaendelea kuchambua, ila sasa nilikuwa natupa maharage mazima na kubakiza yaliyotobolewa, mpaka mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, unafanya nini?" Mama Leocadia hakuwa ndugu yangu wa damu. Yeye alikwenda kanisani na mimi msikitini, na tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja na miezi kidogo tu, yeye akiwa mpishi wa chai na mimi karani. Baada ya hapo nimepita ofisi nyingi, nikastaafu, nikapewa cheti, na wafanyakazi wenzangu wakaimba. Lakini ukiniamsha usingizini ukaniambia nitaje ofisi, nitaitaja ile ya mwanzo, pamoja na milango yake na harufu yake. Habari za nyumbani kwetu, maduka na malori, nawaachia wanaopenda kuzisimulia, na katika ukoo wetu wapo wengi. Mimi nataka kusema habari za mwaka ule, kwa sababu kuna jambo nililifanya, na mtu niliyepaswa kumwambia amelala sasa chini ya udongo wa Kantembo.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Ujamaa, tukiitana ndugu ofisini, na mche wa sabuni ukikatwa kwa uzi ili utoshe nyumba tatu. Ofisi ya mradi wa maji ilikuwa pembeni mwa mji wa Sumbawanga, njia ya kuelekea Mollo, vyumba vitano vya matofali chini ya bati moja refu lililopiga kelele kila upepo wa Ufipa ulipoamka. Mwezi wa sita na wa saba nilivaa sweta mbili na bado vidole vilikufa ganzi. Chumba kimoja kilikuwa na pazia na zulia, na kabla ya kuingia ulivua viatu, kwa sababu humo ndimo ilimokaa kompyuta. Wafadhili walikuwa wameileta kwa ndege, moja tu, na katika mji mzima hapakuwa na nyingine ambayo mimi niliwahi kuisikia. Watu walikuja na visingizio vya kila aina ili wachungulie dirishani. Jenereta ilinguruma kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, kwa sababu dizeli ilikuwa ya kubembeleza, na saa hizo nne ndizo zilizokuwa za kwetu, mimi na Ndugu Crispin.

Crispin alikuwa mtaalamu wa hesabu za maji, mtoto wa wakulima wa Msanzi, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukaa kimya mpaka unaanza kujitetea bila kuulizwa. Alikuwa amesoma ng'ambo na kurudi na koti moja zito ambalo sisi wote tulilionea wivu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne na kozi ya upigaji chapa, na nilikuwa na kiburi cha mtu anayepiga chapa kwa vidole kumi bila kuangalia. Kazi yangu ilikuwa kuingiza takwimu. Wapimaji waliotembea milimani walileta madaftari yao yenye matope, ndani yake urefu wa kila chemchemi kutoka usawa wa bahari, urefu wa kila kijiji, na umbali wa katikati. Niliyaingiza yote kwenye mashine, kisha programu ikapiga hesabu na kusema kama maji yatateremka kwa uzito wake yenyewe mpaka bombani au hayatafika. Kijiji kilichopata ndiyo kiliingia kwenye orodha ya mabomba. Kilichopata hapana kilisubiri, na hakuna aliyekuwa tayari kusema kitasubiri hadi lini.

Mama Leocadia aliingia saa nne kila siku na birika la chai isiyo na sukari, viazi vya kuchemsha, na siku akiwa na furaha, ugali wa ulezi aliousonga asubuhi, mweusi na mgumu, ukiwa umefungwa kwenye kitambaa pamoja na maharage. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniita mwanangu tangu siku ya kwanza, na alinilisha mimi kwanza kwa sababu aliniona mwembamba. Jumamosi alikwenda kwao Kantembo. Wakati wa kuhamia vijiji vya Ujamaa walikuwa wamebomolewa nyumba zao za mlimani na kushushwa barabarani, ambako kulikuwa na shule na mwenge wa chama, ila maji hapakuwa nayo. Bintiye Gaudensia, mwenye miaka kumi na miwili, aliamka gizani kwenda kuchota na kufika shule wakati wenzake wakiwa kwenye somo la pili. Mama Leocadia hakulalamika. Aliweka vikombe, akatazama maandishi ya kijani kwenye skrini, akauliza swali lile lile, "Imesemaje kuhusu kwetu?" Nami nilimjibu, "Bado, mama. Tukifika K nitakwambia."

Tulipofika K, mashine ikasema hapana. Crispin alikunja uso. Alikuwa amewahi kutembea mpaka kwenye chemchemi ya Kantembo, na aliniambia kuwa miguu yake ilijua imepanda mlima kwenda na imeshuka kurudi, sasa iweje maji yashindwe? Akanigeukia. "Ndugu Zuhura, takwimu za Kantembo umezikagua?" Nikajibu, "Nimekagua, mara mbili," bila hata kupepesa. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nimekagua mara moja, na kurasa za mwisho sikuzigusa kabisa. Siku ile palikuwa na baridi, jenereta ilikuwa karibu kuzimwa, na nilijiamini kupita kiasi. Uongo ule ulitoka mdogo na mwepesi hata sikuuhesabu kuwa uongo. Crispin aliniamini, na kwa kuwa aliniamini, akaanza kulitafuta kosa ndani ya programu yenyewe.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Ili kujua hesabu inapokwenda mrama ilibidi kuisimamisha programu ikiwa katikati ya mwendo na kuangalia imebeba namba gani. Palikuwa na kitufe cha kazi hiyo. Ukiiacha programu iende hadi mwisho, haikuwa na neno. Ukibonyeza kitufe katikati, kila kitu kilikwama. Maandishi yalibaki pale pale, kibodi kikawa hakina tofauti na ubao wa kukatia mboga, na dawa ilikuwa moja tu, kuzima mashine, kuwasha, kuingiza diski, na kuanza upya, huku yote tuliyoyarekebisha asubuhi ile yakiwa yamepotea. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya tano nilikipiga kibodi ngumi, na Crispin akakivuta taratibu upande wake wa meza, akasema, "Hicho hakijakukosea kitu."

Alikuwa na sheria moja, nami niliichukia. Badilisha kitu kimoja tu kwa siku, uandike, uone. Mimi nilitaka tubadilishe kumi kwa mpigo tumalize. Tuliishuku jenereta, tukawaomba mafundi wa karakana wasichomelee vyuma asubuhi nzima, na mashine ikakwama vile vile. Tulishuku vumbi, nikafuta kila tundu kwa unyoya wa kuku. Tulishuku baridi, Mama Leocadia akaleta jiko la mkaa ndani ya chumba cha zulia, na mkuu wa ofisi alipoliona alipandwa na hasira hata miwani ikamteleza. Tukabadilisha diski. Tukabonyeza kitufe mapema, tukabonyeza kwa kuchelewa. Yote niliyaandika kwenye daftari, tarehe, saa, na neno moja mwishoni, "imekwama", ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko uliozidi kuwa mbaya. Crispin aliomba programu nzima ichapwe kwenye karatasi aisome kama msomaji anavyosoma gazeti, mkuu akakataa. Karatasi za printa zilikuwa maboksi mawili, zilikuwa za ripoti ya mwisho, na hapakuwa na anayejua nyingine zitatoka wapi. Kwa hiyo aliisoma kwenye skrini, vipande vipande, mistari mamia, pamoja na maelezo ambayo mzungu aliyeiandika aliyaacha kwa lugha ya kwao kabla hajarudi nyumbani.

Kuhusu karatasi, mkuu alikuwa amenikabidhi mimi ulinzi. Kila asubuhi nilihakikisha printa imezimwa na kufunikwa kitambaa chake cha maua, asije mtu akabonyeza kwa bahati mbaya ikatema kurasa kumi bure. Niliifanya kazi hiyo kwa ukali. Sikupata kuiona kazi yenye maana zaidi, na nilipokuwa nikizima ile printa nilijiona najenga taifa.

Wiki ya tatu, nikiwa napanga mafaili kwenye chumba cha pili, niliwasikia mkuu na Crispin wakizungumza upande wa pili wa ukuta. "Ndugu Crispin," mkuu alisema, "mashine imetoka ng'ambo kwa ndege. Wewe unataka kuibishia kwa sababu ya kijiji cha mama wa chai?"

"Naibishia kwa sababu niliupanda ule mlima."

"Ndege inakuja Ijumaa. Orodha inaondoka nayo. Kantembo haimo, basi, wasubiri awamu nyingine."

"Awamu nyingine ipo?"

Nikasikia kiti kikisogezwa, na mlango. Nilibaki na faili mkononi, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kuhusu zile kurasa za mwisho. Ningeweza kwenda pale pale kuchukua daftari la mpimaji na kulinganisha. Sikwenda, kwa sababu niliogopa kukuta nilichohisi kipo. Niseme hivyo hivyo ilivyo, maana nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta sababu nzuri zaidi na sijaipata.

Jumatano Mama Leocadia aliingia na birika, akatukuta tumekaa mbele ya skrini iliyokwama. Akamimina chai. Akasema, kama mtu anayejisemea, "Mbona siku ile ya mgeni wa Dar haikugoma?"

Crispin akageuka. "Siku gani, mama?"

"Siku ile mliyomfunua huyo." Akaelekeza kidole kwenye printa. "Alikuwa analia trrr, trrr. Mgeni akataka chai, huyu mwanangu akabonyeza, mashine ikasimama, mkanywa, mkaendelea. Mimi nilikuwa hapa hapa na vikombe."

Nikakumbuka. Mgeni alikuja kuonyeshwa mashine, printa ikawashwa kwa heshima yake, nami niliisimamisha programu katikati ili anywe chai kabla haijapoa. Printa ilikohoa mstari mmoja. Niliuchana nikautupa, nikisikitikia karatasi. Kwenye daftari sikuandika kitu, kwa kuwa siku ile hatukuwa tukijaribu, na vilevile hakuna ukurasa hata mmoja nilipoandika kama printa imewashwa au imezimwa. Kwangu mimi printa iliyozimwa haikuwa sehemu ya mashine.

"Iwashe," Crispin alisema.

"Karatasi..."

"Iwashe, Ndugu Zuhura. Huo mstari mmoja nitaenda kuujibu mwenyewe kwa mkuu."

Niliondoa kitambaa, nikawasha. Programu ikaanza kukimbia. Crispin akahesabu hadi ishirini, akabonyeza. Printa ikalia, ikatoa mstari mmoja wenye namba, kisha kwenye skrini kile kialama kidogo kikaanza kupepesa, kikitusubiri tuandike. Crispin alikwenda moja kwa moja mwisho kabisa wa programu, mistari ambayo hakuwa ameifikia, na akaikuta. Yule mzungu alikuwa mtu makini. Aliiagiza mashine kuwa ikisimamishwa katikati, kabla ya kufanya jambo jingine lolote, ichape kwanza kwenye karatasi imefika wapi. Kwao printa ilikaa imewashwa mwaka mzima. Hapa kwetu tuliizima kwa ajili ya kubana matumizi, kwa hiyo mashine iliulizia printa, ikakosa jibu, ikaendelea kungoja. Wiki tatu tuliidhani imekufa, kumbe ilikuwa inasubiri. Siku hizi simu ya mjukuu wangu ikikwama anaipiga kofi, nami namwambia aulize kwanza inasubiri nini. Ananiona nimezeeka.

Mama Leocadia akatabasamu, akabeba birika kwenda kulijaza tena. Crispin akarudisha mlango, ambao haukuwa na tabia ya kufungika sawasawa, akaanza kuiangalia Kantembo hatua kwa hatua. Haikuchukua muda. Urefu wa chemchemi ulisoma 1780. Akafungua daftari la mpimaji. Palikuwa na matope, lakini namba ilisomeka vizuri, 1870. Nilikuwa nimezigeuza tarakimu mbili, na kwa hizo mbili nilikuwa nimeishusha chemchemi chini ya kijiji, maji yakatakiwa kupanda mlima.

Aliweka kidole kwenye namba ya daftari. Kisha akasema, "Ulisema ulikagua mara mbili."

"Nilisema."

"Ulikagua?"

"Mara moja. Na kurasa za mwisho sikukagua." Nilikuwa nalia tayari. "Palikuwa na baridi. Nilijua sikosei."

"Wiki tatu, Zuhura." Alisahau kuniita ndugu. "Bila huyu mama, orodha ingeondoka."

"Nitamwambia mkuu."

"Ukimwambia utafukuzwa kabla ya Ijumaa, na mimi nahitaji mtu wa kukagua vijiji vyote upya kesho na Ijumaa asubuhi." Akavuta karatasi ya taarifa, akaandika kwa mkono wake: Hitilafu ya mashine imeonekana na kurekebishwa. Akanisogezea nisome. Sikumwambia aandike vinginevyo. Nilifuta uso kwa mkono wa sweta.

Mlango ukagongwa, Mama Leocadia akaingia. Alimimina chai, na chai ilikuwa imepoa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Hakuomba radhi. Akaniangalia mimi, akauliza, "Imesemaje kuhusu kwetu?"

Crispin alinitazama. Nilikuwa na nafasi pale, nafasi nzuri kuliko zote nilizopata baadaye. Nikasema, "Ilikosea, mama. Mashine ilikosea. Maji yatafika."

"Mashine," akasema. Akaweka kiganja chake kichwani pangu kidogo, akachukua vikombe vitupu, akatoka.

Alhamisi yote na nusu ya Ijumaa Crispin alisoma madaftari kwa sauti nami nikafuatisha kwa kidole kwenye skrini, jenereta ikiachwa ingurume hata baada ya saa sita, kijiji baada ya kijiji, kuanzia upande wa Namanyere mpaka mpakani. Tulikuta makosa mengine mawili, madogo. Orodha iliondoka na ndege, Kantembo ikiwamo. Mabomba yalichelewa sana kufika, kama kila kitu miaka ile, na watu walichimba mitaro wenyewe kwa majembe, mimi pia nikaenda siku tatu nikarudi na malengelenge ambayo niliyaona kuwa ni malipo ya kutosha. Siku bomba lilipofunguliwa Mama Leocadia alinawa uso mbele ya watu wote, akanijia huku anachuruzika maji, akacheka, "Zuhura mwanangu, ile mashine ilisemaje?" Nikamjibu, "Ilikosea, mama," nikacheka naye.

Basi ikawa ndiyo salamu yetu. Crispin alihamishwa, tukapotezana. Mimi na Mama Leocadia tulikutana sokoni, kwenye harusi ya Gaudensia, hospitalini alipovunjika nyonga. Kila mara, baada ya shikamoo na habari za watoto, aliuliza ile mashine ilisemaje, nami nilijibu ilikosea. Alisema, "Haya," kisha tukaingia mazungumzo mengine. Mara ya mwisho, mwaka jana, macho yake yakiwa yamefifia, alinishika mkono akauliza tena, akangoja. Nikajibu vile vile. Nilidhani ni utani wa bibi kizee anayekumbuka ujana wetu.

Tulimzika Jumanne. Kwaya iliimba Kifipa, nami nikasimama pembeni na mtandio wangu, nikamwombea kwa namna ninayoijua. Baadaye niliwafuata wanawake waliokwenda bombani kuosha masufuria. Si lile bomba la zamani, limeshabadilishwa mara mbili, ila chemchemi ni ile ile, na maji yalitoka kwa nguvu. Gaudensia, ambaye naye ni bibi sasa, aliweka ndoo chini ya maji akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Mama aliacha neno lako," akasema. "Alisema nisikupe kwa simu."

"Neno gani?"

"Alisema siku ile alirudi na birika akakuta mlango umerudishwa. Akasikia Ndugu Crispin anakuuliza, na wewe unajibu. Akasimama pale nje mpaka chai ikapoa."

Maji yalijaa ndoo, yakaanza kumwagika miguuni mwetu, na hakuna aliyefunga.

"Alikuwa amekasirika?" niliuliza mwisho.

"Siku mbili. Kisha akaona unavyokagua bila kula, akasonga ugali akakuletea. Hakumwambia mtu. Sisi alituambia juzi, kitandani. Akasema, yule mwanangu atalisema siku moja, mimi huwa namfungulia mlango tu." Gaudensia akainama, akafunga bomba. Alipoinuka alinitazama machoni, na sauti aliyoitoa ilikuwa ya mama yake kabisa. "Haya, dada Zuhura. Ile mashine ilisemaje?"

"Haikukosea," nikasema. "Nilikosea mimi. Na nilidanganya kuwa nimekagua."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kwa niaba ya mama yake. Kisha akashika upande mmoja wa mkono wa ndoo na kunionyesha ule mwingine. "Shika," akasema. "Jikoni wanasubiri maji."